Akishaapa, Ndiyo Amesema Kweli?

Kila kesi kubwa inaposikilizwa, mazungumzo ya nje ya mahakama hufuata njia ileile. Shahidi amepanda kizimbani, ameinua mkono, ameapa. Jioni watu wanabishana. Mmoja anasema, "Huyu kaapa, kwa hiyo alichosema ndicho." Mwingine anamkatiza, "Kama kaapa, mbona yule wakili alikuwa anamhoji kama mwizi?" Wa tatu ana hesabu yake: "Wameapa wawili na wamepingana. Basi mmoja wao ni mwongo, afungwe."

Wote watatu wanaongea kwa uchungu wa haki. Lakini wote watatu wanakitwisha kiapo mzigo usio wake, na mzigo huo ukikaa vibaya huwaumiza watu: kuna waliofungwa kwa sababu aliyewashtaki aliaminiwa mno, na kuna mashahidi wema walioitwa waongo kwa sababu walikosea saa.

Tuanze na maneno yenyewe. Shahidi ni mtu anayeieleza mahakama jambo analolijua: aliloliona, alilolisikia kwa masikio yake, au, ikiwa ni mtaalamu, alilolichunguza. Maelezo yake ndiyo ushahidi wa mdomo. Kiapo ni ahadi rasmi, inayotolewa mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha, kwamba maelezo hayo yatakuwa ya kweli. Maelezo yakiandikwa kwenye karatasi, kisha mwenyewe akayaapia na kuyasaini mbele ya ofisa mwenye mamlaka hayo, karatasi inaitwa hati ya kiapo. Na mtu akiapa kisha akasema jambo huku akijua kuwa si kweli, ametenda kosa la jinai: kusema uongo chini ya kiapo.

Lishike lile neno "akijua". Tutalirudia, maana nusu ya ubishi wote imejificha humo.

Sasa fikiria deni. Rafiki anaweza kukuambia njiani, "Nitakulipa." Siku akikana, unabaki na maneno matupu. Mchukue rafiki huyohuyo aandike kiasi, aweke tarehe na sahihi mbele ya watu. Sahihi haimtii hela mfukoni wala haimbadilishi tabia. Inamfunga tu, na kuanzia hapo ana jambo la kujibu. Kiapo ni sahihi ya mdomo. Mwongo akiapa anabaki kuwa mwongo, ila sasa ni mwongo mwenye kitu cha kupoteza, na maneno yake yamewekwa mahali ambapo wengine wanaruhusiwa kuyapima.

Maneno ya kiapo hutofautiana toka nchi moja hadi nyingine, lakini mengi yana mafundo matatu: kusema ukweli, ukweli wote, na ukweli mtupu. Wengi huyasikia kama neno moja lililorudiwa mara tatu ili lipate uzito. Sivyo. Kila fundo linaziba tundu lake.

La kwanza ni rahisi: usibuni. La tatu nalo linaeleweka: usiongeze. Kama ulimwona mtu akikimbia, sema alikimbia. Ukisema "alikimbia kama mtu aliyefanya jambo baya", hapo umeacha kutoa ushahidi, umeanza kutoa hukumu. Umeona miguu, hukuuona moyo.

La pili ndilo gumu, na ndilo ninaloliogopa mimi kuliko yote. Chukua mfano. Shahidi anaulizwa, "Ulimwona mshtakiwa akitoka ndani ya nyumba ile akiwa na mfuko?" Anajibu, "Ndiyo." Kila neno ni kweli. Alimwona, alikuwa anatoka, mfuko ulikuwepo. Ila hajasema kwamba nusu saa kabla ya hapo alimwona mtu huyohuyo akiingia na mfuko uleule. Hakuna hata neno moja la uongo lililotoka kinywani mwake, na tayari mtu yuko njiani kwenda jela. Ndiyo maana kiapo hakikuishia kwenye "ukweli". Uongo wa kutunga huwa na nyufa zinazoonekana. Uongo wa kunyamaza ni mlaini, na kuugundua kunahitaji mtu wa kuuliza swali ambalo shahidi aliombea lisiulizwe.

Kwa nini basi watu wengi huamini kwamba aliyeapa amemaliza kazi ya kusema kweli? Kwa sababu zamani mahakama zenyewe ziliamini hivyo. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, mwanamke aliyetuhumiwa na mumewe kwa uzinzi bila kufumaniwa aliapa mbele ya mungu, kisha akarudi nyumbani kwake. Kesi imekwisha. Sheria hizohizo ziliamuru kwamba atakayetoa ushahidi wa uongo katika kesi ya roho ya mtu, naye auawe. Mungu aliyetajwa ndiye aliyekuwa mlinzi wa ukweli, na adhabu ilisimama nyuma yake.

Uingereza ya zamani ilikuwa na utaratibu unaoshangaza zaidi. Katika kesi fulani mtu aliyedaiwa aliapa kwamba hadaiwi, kisha akaleta watu wengine, mara nyingi 11 au 12, waape kwamba wanakiamini kiapo chake. Hakuna aliyewauliza waliona nini, kwa kuwa hawakuhitajika kuwa wameona chochote. Ushindi ulikuwa wa mwenye marafiki. Utaratibu huo ulififia taratibu, lakini haukufutwa rasmi kwenye vitabu vya sheria hadi mwaka 1833. Sehemu nyingi za Ulaya kulikuwa pia na majaribio ya moto na maji: mtuhumiwa aliunguzwa au kutumbukizwa majini, na kidonda kinachopona au mwili unaozama ndio uliotoa hukumu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliwakataza makasisi kushiriki majaribio hayo, na bila baraka zao yakaanguka. Ilibidi sasa binadamu wawasikilize binadamu, wapime nani kaona na nani kasikia.

Hapo ndipo kiapo kilipohama kazi. Zamani kilikuwa mwisho wa kesi. Leo ni mlango tu: ukishaapa ndipo mahakama inaanza kukusikiliza, na ikishakusikiliza ndipo inaanza kukupima.

Neno fupi kuhusu dini, maana utasikia mtu akisema, "Yule hakushika kitabu, kwa hiyo hakuapa." Wako watu ambao imani yao inawakataza kuapa, na wako wasio na dini. Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana kama Quaker, waliteseka sana Uingereza kwa kukataa kuapa. Sheria ya mwaka 1695 iliwaruhusu kutoa uthibitisho, yaani ahadi rasmi ya kusema kweli bila kuapa, badala ya kiapo, ingawa kwenye kesi za jinai walisubiri hadi 1828. Wasio na dini walipata haki hiyo kikamilifu mwaka 1888, baada ya mbunge Charles Bradlaugh kuipigania kwa miaka. Siku hizi nchi nyingi zinakubali uthibitisho, na uongo uliosemwa chini yake unaadhibiwa sawasawa na uongo wa aliyeshika kitabu. Ujerumani wamekwenda mbele zaidi: kuidanganya mahakama ni kosa hata kama shahidi hakuapishwa, na kiapo huongeza tu ukali wa adhabu. Watoto wadogo nao wana njia yao. Tanzania, kwa mfano, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, akiahidi kwamba atasema ukweli na si uongo. Kinachotafutwa kote ni kilekile, mtu ajue kwamba sasa maneno yake yanahesabiwa.

Turudi kwa yule aliyeuliza mbona wakili alimhoji shahidi kama mwizi. Swali lake ni zuri, na jibu lake ndilo moyo wa jambo lote hili.

Shahidi hutoa maelezo yake kwanza akiongozwa na upande uliomleta. Kisha upande wa pili unasimama na kumuuliza maswali ya dodoso. Kwa anayetazama, maswali hayo yanafanana na dharau. Anaulizwa alikuwa umbali gani, taa ilikuwa upande upi, alivaa miwani au hakuvaa, kwa nini polisi aliwaambia saa mbili na leo anasema saa tatu. Lakini kama kiapo hakithibitishi kwamba neno ni kweli, lazima pawepo njia ya kulipima neno lenyewe. Mfua dhahabu anayeipitisha pete kwenye jiwe la kupimia hajamtukana aliyeileta.

Mfano uliobaki katika historia ni wa Marekani, mwaka 1858, kabla Abraham Lincoln hajawa rais. Alikuwa wakili huko Illinois, akimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji yaliyotokea usiku wa Agosti 1857. Shahidi mkuu, chini ya kiapo, alisema aliliona pigo kwa macho yake kutoka umbali wa futi 150 hivi, yapata saa tano usiku. Uliwezaje kuona? Kwa mbalamwezi. Lincoln hakumfokea wala hakumwita mwongo. Alimrudisha kwenye mwezi tena na tena, na kila mara shahidi akaukazia: ulikuwa juu, unang'aa. Alipokwisha kujifunga vizuri, Lincoln akatoa almanaka, kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi, na kuionyesha mahakama mahali mwezi ulipokuwa usiku ule. Ulikuwa chini, unakaribia kuzama. Kijana akaachiwa.

Tazama kilichofanya kazi pale. Kiapo peke yake kilikuwa kimempa shahidi uzito. Maswali yalimfanya aeleze mambo madogo yanayoweza kukaguliwa nje ya kichwa chake, na mwezi haukuwa na upande katika kesi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na maswali ya dodoso ndiyo yanayoifupisha.

Hii pia ndiyo sababu mahakama kwa kawaida huukataa ushahidi wa kuambiwa. Ukisema "jirani aliniambia alimwona", wakili hawezi kumuuliza jirani taa ilikuwa wapi. Jirani hakuapa, hayupo, na wewe hujui. Kuna hali chache ambapo sheria hulegeza, lakini msingi ni huo: anayepimwa lazima awe mbele ya mizani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hatari ni mwongo tu. Ipo nyingine, na kwangu inauma zaidi kwa kuwa haina mbaya wa kumnyooshea kidole. Ni shahidi mwaminifu aliyekosea.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha watu filamu fupi ya magari yakigongana, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Kundi jingine liliulizwa kwa neno kali zaidi, "yalipopondana". Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, 7 walisema waliona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliona. Kwenye filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hakuna aliyewahonga watu hawa wala kuwatisha, na wangeweza kuapa kwa moyo mweupe. Neno moja ndani ya swali liliingia kwenye kumbukumbu na kufanya makao.

Ndani ya chumba cha mahakama jambo hilo lina sura ya mtu. Mwaka 1984, huko North Carolina, mwanafunzi wa chuo alivamiwa nyumbani kwake usiku na kubakwa. Wakati ule wote wa mateso alijilazimisha kuukariri uso wa yule mtu ili, akinusurika, amtambue. Polisi walimwonyesha picha, akachagua moja. Wakampangia watu mstari mmoja, akamchagua mtu yuleyule, Ronald Cotton. Mahakamani aliapa na kumnyooshea kidole. Alikuwa na uhakika, hakusita, hakuwa na sababu yoyote ya kumwonea. Cotton alifungwa maisha. Mwaka 1987 kesi ilisikilizwa tena, na mtu mwingine, mfungwa ambaye ilisemekana alijigamba gerezani kwamba yeye ndiye mtendaji, akaletwa mbele ya yule mwanamke. Akaulizwa kama anamjua. Akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba mhalifu alikuwa huyo wa pili. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka kumi.

Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini njia ya aliyekosea kwa nia njema yaweza kuwa ndefu hivyo. Maswali ya dodoso yanamyumbisha anayeficha. Asiyeficha kitu hana cha kuyumbia, na uthabiti wake ndio unaotudanganya sisi tunaomtazama. Yule mwanamke alipouchagua uso ule kwenye picha, uso wa picha ulianza kukaa mahali pa uso wa usiku ule. Alipouona tena kwenye mstari, akautambua kweli: aliutambua kutoka kwenye picha. Kwa sababu hii taratibu za gwaride la utambulisho, yaani ule mstari wa watu anaopangiwa shahidi, ni jambo zito. Anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni yupi, ili asimwelekeze shahidi hata kwa jicho. Shahidi aambiwe wazi kwamba huenda mhusika hayumo kabisa. Na kiwango cha uhakika wake kiandikwe palepale, kabla mtu hajamwambia "umepatia".

Sasa yule wa tatu, mwenye hesabu ya mashahidi wawili, anaweza kujibiwa. Kupingana si lazima kuwe uongo. Wawili waliotazama ajali ileile kutoka pande mbili za barabara wanaweza kutofautiana kuhusu rangi ya gari, idadi ya watu, hata nani alifika kwanza, na wote wakawa wameitunza ahadi yao. Kwa kweli mahakimu wazoefu hupata shaka zaidi pale mashahidi watano wanapokuja na hadithi moja, yenye maneno yaleyale, kana kwamba wote walinakili daftari moja. Ili mtu ahukumiwe kwa kusema uongo chini ya kiapo, haitoshi kuonyesha kwamba alichosema si kweli. Lazima ithibitike kwamba alijua si kweli, au angalau hakuamini kuwa ni kweli, na kwa kawaida jambo lenyewe liwe na uzito katika kesi. Aliyekosea rangi ya shati hafungwi. Ingekuwa anafungwa, nani angekubali kupanda kizimbani?

Kwa mwongo wa makusudi, hata hivyo, sina huruma. Mwaka 1678 Titus Oates alijitokeza Uingereza na hadithi ya njama ya Wakatoliki kumuua Mfalme Charles II. Aliapa, akarudia, akaongeza majina. Watu wasiopungua 15 waliuawa kwa njama ambayo haikuwepo. Alipokuja kutiwa hatiani kwa viapo vya uongo mwaka 1685, sheria ya wakati ule haikuruhusu kumnyonga kwa kosa hilo. Alichapwa viboko na kufungwa. Miaka michache baadaye, utawala ulipobadilika, alitoka. Wale 15 hawakutoka kokote. Mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kifungu cha 70, unaweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa ushahidi wa uongo, na kifungu hichohicho kinawafuata pia wanaohonga au kuwatisha mashahidi. Ni sahihi kabisa viwe pamoja. Nyuma ya shahidi aliyegeuza maneno mara nyingi yupo mtu aliyemtembelea usiku, na kumwadhibu aliyetishwa ukamwacha aliyetisha ni kukata jani na kuacha mzizi.

Kabla sijamaliza, lipo jambo moja linalosemwa vibaya mno: "Kama hana hatia, mbona mshtakiwa hataki kuapa?" Zamani watawala waliutumia ulimi wa mtu kumnasa. Walimwapisha kabla hajajua ameshtakiwa kwa lipi, kisha wakamchimba. Akisema kweli anajifunga, akidanganya anamkosea Mungu, akinyamaza anaadhibiwa. John Lilburne, mpinzani wa watawala wa Uingereza, alikataa kiapo hicho mjini London mwaka 1637, akachapwa viboko barabarani, na mahakama iliyomtesa ikafutwa mwaka 1641. Mapambano ya aina hiyo yamechangia haki ya kunyamaza. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeshtaki, na kimya cha mshtakiwa peke yake hakiujazi mzigo huo.

Kwa hiyo ukipata hati ya kuitwa shahidi, usiogope kiapo, na usijivike uhakika usio nao. Andika unachokumbuka mapema, kabla hujakaa na wenzako kukijadili, maana kumbukumbu huambukizana. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. "Sijui" ni jibu kamili. "Sikumbuki" pia ni jibu kamili, ikiwa kweli hukumbuki. Ukiulizwa kama ni yeye, na wewe ulimwona mgongo tu, sema uliona mgongo. Na ukishashuka kizimbani, ukafika nyumbani, ukagundua kwamba ile saa uliyoitaja ilikuwa ya siku nyingine, rudi kesho yake ukamwambie wakili wa upande uliokuita. Mahakama inaweza kumwita shahidi tena, na kabla ya hukumu kutolewa bado kuna nafasi ya kulirekebisha neno.